Zamu ya Maji ya Tacna

Nieves Chambilla alikaa mbele ukumbini pamoja na wakulima wenzake, kucha zake zina udongo wa shambani. Injinia Zevallos wa ofisi ya maji alikuwa akionyesha picha mbili ukutani: shamba la mizeituni la Azapa, ng'ambo ya mpaka nchini Chile, na jingine la hapahapa Tacna, Peru.

"Kwa maji yaleyale, Mchile anavuna maradufu yenu," alisema. "Ninyi mnamwaga tu. Kuanzia mwezi ujao zamu zenu za kumwagilia tunazikata nusu, labda mtapata akili."

Watu waliguna. Kuambiwa umepitwa na Mchile, ambaye babu zake waliutwaa mji huu kwa vita na kuukalia miaka mingi, kunamuuma Mtacna yeyote. Kuambiwa na Mperu mwenzako, tena kwa kejeli, kulimkereketa Nieves usiku kucha.

Asubuhi alivuka mpaka kwenda kwa binamu yake Herminia, aliyeolewa Azapa. Alitamani akute uongo. Hakukuta. Mipira myembamba ilipita chini ya kila mzeituni ikidondosha maji shinani, na baina ya mistari ardhi ilikuwa kavu kama jivu.

"Kumbe kweli," alisema kwa uchungu.

"Kweli tupu. Na usininunie, dada, wewe ukifungulia maji shamba linageuka ziwa. Mjomba, baba yako, naye alikuwa hivyohivyo."

"Sisi maji yanakuja mara moja, yanapotea majuma. Nisipojaza shamba siku hiyo, nitadondosha nini siku nyingine?"

"Si unachota bwawani!"

"Bwawa gani?"

Herminia alimwangalia kwa mshangao. "La kuhifadhia. Letu serikali ililipa karibu lote, na mipira pia. Kwani nyie hamkupewa?"

Nieves alimfuata nyuma ya mizeituni, akaliona bwawa lenyewe. Injinia alikuwa ameona mabwawa yale, maana picha yake ilipigwa palepale Azapa. Akayanyamazia!

Siku ya kukata zamu ilipofika, Injinia alimkuta Nieves ameketi juu ya mlango wa mfereji, lile bamba la kufungulia na kufungia maji, pamoja na wanawake wa mtaa mzima, wamebeba vyungu vyao vya chakula.

"Mama, toka hapo. Unavunja sheria."

"Nipeleke ndani! Ulitulinganisha na watu waliopewa bwawa, halafu ukatuita wajinga. Bwawa letu liko wapi, Injinia?"

"Hilo si suala la ofisi yangu."

"Ila kutukata maji ni la ofisi yako?" Mmoja akamzomea, wote wakafuata.

Injinia hakuufunga mlango siku ile, wala iliyofuata. Mwishowe ofisi iliziacha zamu kama zamani na kuahidi bwawa la pamoja. Pa kulichimba hapakuwapo, hivyo Nieves alitoa kona ya shamba lake, akang'oa mizeituni aliyopanda baba yake, huku akilia na kumtukana Zevallos kwa pumzi moja.

Bwawa lilichimbwa. Mipira haijaja hadi leo. Nieves hukata visahani vya udongo kuzunguka kila shina ili maji yasitapakae, na kila Jumatatu huenda ofisini kuwauliza mipira iko wapi, kwa sauti inayosikika hadi barabarani.