Mafuta ya Kichupa Cheusi

Wayua, mke wa mkulima wa Shimba Hills, aliingia duka la marashi la Bi Mwanamkasi pale Ukunda mwaka 1998, akamwamkia shikamoo, kisha akaomba kujaribu mafuta ya kichupa cheusi.

"Hayo ni ya kiume, mwanangu. Wamtakia mumeo?"

"Nayataka mwenyewe."

Bi Mwanamkasi hakubisha. Alimpaka tone moja kifundoni mwa mkono, akamwambia asisugue. Mwanzo yalinukia kwa ukali, kama shavu lililotoka kwa kinyozi sasa hivi. Wayua akaenda sokoni kununua vitunguu, na aliporudi ngozi ilikuwa imeyatuliza, imebaki harufu ya ndimu na mbao kavu. Akayanunua.

Jioni mumewe, Muthoka, aliingia jikoni akasita.

"Mwanamume gani alikuwa hapa?"

"Hakuna," alijibu Wayua, akamnyooshea mkono. "Nusa."

Muthoka akanusa, akanusa tena. Alitaka kukasirika, ila hakuona pa kuanzia.

"Mbona mimi hukuniletea?"

"Hukuniambia kama wayapenda," alisema Wayua, akaendelea kusonga ugali.

Jumapili walikwenda kanisani wakinukia harufu moja, na aliyekwepa macho ya watu alikuwa Muthoka.