Kidole Gumba cha Murunga

Watu wanaosema riwaya za sayansi ni za watoto waliodekezwa hunikera kuliko nzi kwenye chai. Kiongozi wao ni Murunga, fundi wa kuchomelea mageti pale Kawangware. "Wee Seline na maroketi zako!" huniambia. "Nipatie kitabu mtu ameuawa, polisi, hao makarao, wamechanganyikiwa. Basi!"

Kikundi chetu cha kusoma kina watu watano. Kila Jumapili baada ya kanisa tunakutana karakanani kwa Murunga, tukikalia mageti ya wenyewe. Kitabu ni kimoja, kinazunguka. Aliyekipendekeza hapigi kura. Wale wanne wakikikataa, au kura zikitoka sare, anapika chapati za wote. Akianguka mara nne mfululizo, haruhusiwi kupendekeza kitu mwaka mzima.

Mimi nilikuwa nimeanguka mara tatu. Kupika si neno, mkono wangu unajulikana Kawangware nzima. Lakini Jumatatu hadi Jumamosi ninafua nguo za watu, na hakuna mwenye nguo aliyewahi kuniuliza ninaonaje jambo lolote. Ni Jumapili tu ambapo watu wazima husoma kitu kwa sababu mimi nimesema wasome. Kunyamazishwa mwaka mzima kungeniuma, tena sana.

Basi nikatumia ujanja. Nilikivika kitabu changu gazeti, kama daftari la shule, nikatangaza: "Maiti iko ukurasa wa kwanza." Sikudanganya. Maiti iko, ila inaelea, maana mambo yote yanatokea ndani ya chombo kinachoelekea Mirihi.

Siku ya kura ikafika. Joan, muuza mitumba, alisema ugali wake uliungua akimsaka muuaji. Musimbi akamuunga mkono. Jeconia akakikataa, alidai kila hewa ilipopungua mle chomboni, kifua chake nacho kilibana. Nilitaka kumwambia hiyo ni sifa, si kosa. Akabaki Murunga.

"Bure kabisa," akasema, macho kando. "Kumbe ni roketi! Mimi niliachia page ya kumi."

Sare. Nilisikia machozi yakija, nikajifanya ni moshi wa jirani. Joan akaniuliza kwa huruma kama nina unga nyumbani.

Nikakinyakua kitabu changu, nikaanza kukipekua kwa hasira. Sasa, mikono ya Murunga haitakati hata kwa sabuni ya kipande. Katika vile vitabu vyangu vitatu vya kwanza, alama nyeusi ya kidole gumba chake ilikoma ukurasa wa sita, wa tisa, na wa kumi na nne. Katika hiki nilipita wa kumi: kidole. Wa hamsini: kidole. Wa mia mbili: vidole viwili na tone la chai. Ukurasa wa mwisho ulikuwa mweusi kama sufuria ya githeri. Mtu alikuwa ameurudia, si mara moja.

"Murunga," nikasema, "hebu leta kidole."

"Cha nini?"

"Makarao hawajachanganyikiwa leo."

Nikawaonyesha wenzangu kurasa moja moja. Jeconia alicheka mpaka akateleza kwenye geti. Murunga aliificha mikono mifukoni, kisha akaitoa.

"Sawa, nimeshikwa. Lakini hiyo si roketi, bana! Maji ni ya mtungi, choo ni moja kwa vyumba kumi, na caretaker anauzia watu hewa? Hiyo ni ploti yetu ya kupanga! Nilijua tu ni caretaker ameua." Akajikuna shingo, sauti ikashuka. "Seline, sasa nisome gani?"

Jibu nilikuwa nalo, ila nikamwomba aniulize tena, raha ya kuulizwa isiishe haraka.

Joan akakata kesi: kitabu changu kimepita, na aliyedanganya ndiye atakayepika. Jumapili iliyofuata Murunga alileta chapati zake mwenyewe, ngumu, zimeungua pembeni, kila moja na alama ya kidole gumba katikati. Nilikula mbili, nikazimaliza. Sikuachia ukurasa wa kumi.