Kiti cha Aliyepona

Barua ilimkuta fundi cherehani mguu ukiwa juu ya pedali. Aliisoma mara tatu. Serikali ya jimbo ilikuwa imemteua kuwa mjumbe wa Baraza la Ushauri la Afya ya Akili na Uraibu. Viti vilikuwa kumi na kimoja: cha daktari bingwa, cha polisi, cha mfamasia, cha wenye nyumba za tiba, cha wazazi wa wagonjwa, na vingine. Kimoja kilitengwa kwa mtu aliyewahi kuwa mraibu akapona. Hicho ndicho alichopewa.

Kwa hilo hakuwa na aibu. Mtaa mzima ulijua kwamba alipofiwa na mumewe alizama kwenye vidonge vya usingizi, mpaka siku moja akamshonea mteja suruali ya mguu mmoja. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe, watu wakacheka, naye akacheka nao. Miaka tisa ilikuwa imepita bila kugusa kidonge.

"Nenda, mdogo wangu," dada yake mkubwa, aliyeishi naye, alimwambia. "Safari hii kupotoka kwako kumekuwa cheo."

Alikwenda kwenye kikao cha kwanza akiwa amevaa gauni aliloshona mwenyewe. Ukumbi ulikuwa na meza ndefu, na mbele ya kila kiti palikuwa na chupa ya maji, kibao cha wadhifa na kipaza sauti kidogo chenye taa nyekundu. Alikuwa bado anatafuta kibao chake alipoisikia sauti nyuma yake.

"Karibu, fundi. Naona afya imetengemaa."

Hakuhitaji kugeuka. Sauti hiyo laini aliijua. Ilikuwa ya Mkurugenzi, mwenye nyumba ya tiba alikolazwa miezi minne, miaka tisa iliyopita.

Mkurugenzi alivuta kiti akakaa, akapanga karatasi zake. Kisha wajumbe wakaanza kujitambulisha mmoja mmoja. Zamu ilipomfikia mwakilishi wa wazazi, mama mwembamba aliyevaa miwani, yeye hakusema mengi. Aliinua simu yake wote waione picha ya msichana anayecheka, mwenye pengo kwenye meno ya mbele.

"Huyu ni binti yangu. Alitoroka kwenye nyumba ya tiba miaka tisa iliyopita. Wenyewe walihangaika sana kumtafuta, nawashukuru." Akamwinamia Mkurugenzi kidogo. "Mimi naamini yu hai. Ndiyo maana nimekubali kazi hii."

Fundi aliiangalia picha ile mpaka macho yakaingia kiza. Msichana yule alimjua. Walilala chumba kimoja, vitanda vikitazamana, na yeye alikuwa akimwita Mapengo.

Mapengo alikuwa na miaka kumi na tisa, na arosto, yale maumivu ya kuacha dawa, ilimshika vibaya kuliko wote. Alipoanza kupata degedege, Mkurugenzi hakumwita daktari. Aliamuru afungiwe kwenye chumba cha nyuma, walichokiita chumba cha kupoa, na huko akakaa siku tatu akiita. Siku ya nne hakuita tena. Mchana huo, wenzake wakiwa kwenye chakula, fundi alikuwa dirishani maana hakuwa na hamu ya kula, akawaona wanaume wawili wakitoka na godoro lililokunjwa. Walilibeba kwa uzito usio wa godoro. Wakalitia nyuma ya gari, wakaondoka.

Jioni hiyo Mkurugenzi alimwita fundi ofisini akamwekea karatasi mbele. Ilisema kwamba yeye, aliyelala chumba kimoja na binti yule, alimwona kwa macho yake akiruka ukuta. "Ukishatia saini," Mkurugenzi alisema, "kesho nakuruhusu uende nyumbani. Naona umepona."

Alitia saini. Kesho yake akaenda nyumbani.

Hilo hakuwahi kumwambia mtu.

Wajumbe walipokwenda kunywa chai, Mkurugenzi alimfuata kwenye kona. Alimmiminia kikombe kwa adabu zote. "Mimi ni mtu wa kutunza kumbukumbu, fundi. Karatasi zako zote ninazo. Saini yako nzuri, inasomeka." Akaongeza sukari bila kumuuliza, akaenda zake.

Tangu siku hiyo fundi hakuwa na raha. Mlango wa duka ukigongwa, mkasi ulimponyoka. Alimshonea mteja shati vifungo upande wa kike, na akajichoma kidole mara mbili kwa siku moja, yeye aliyekuwa akishona huku anapiga soga. Simu ilikuwa ikiita, akipokea, husikia mtu anapumua tu, kisha inakatika.

Wiki ya tatu alikuja mwanamume mpana wa mabega na suruali mkononi. Alitaka ipunguzwe. Fundi alipopiga magoti kupima urefu, mtu yule akasema kutoka juu, taratibu, "Mkurugenzi anakusalimu. Anasema nguo ikishakatwa haiungiki. Uwe mwangalifu na mkasi wako." Kisha akaitwaa suruali yake, akaondoka bila kupimwa.

Fundi alibaki pale chini, futi mkononi. Dada yake alimkuta hivyo hivyo. Ndipo akamweleza yote, tangu kitanda cha Mapengo mpaka suruali.

Dada aliichukua futi, akaikunja. "Ulikuwa mgonjwa," alisema. "Hukuwa na akili zako."

"Nilikuwa nazo, dada. Nilijua ninachosaini."

"Basi nyamaza. Jiuzulu, sema mgongo unakuuma. Yule binti hatafufuka, na wewe utafungwa. Halafu mimi nibaki na nani?"

Fundi aliandika barua ya kujiuzulu. Aliitia kwenye mkoba ili aikabidhi katika kikao cha pili, akaondoka asubuhi akiwa amelala kwa saa mbili tu.

Ajenda ya kikao hicho ilikuwa moja. Serikali ilitaka ushauri kama leseni ya nyumba ya Mkurugenzi iongezwe muda, na kama mahakama zianze kuwapeleka huko vijana wanaokamatwa na dawa za kulevya. Vijana mia mbili kwa mwaka. Mwenyekiti, daktari bingwa mzee mwenye sauti ya mkwaruzo, alisema wajumbe watapumzika kidogo, wakirudi mwakilishi wa wazazi ndiye atakayefungua maoni.

"Mimi nitaunga mkono," mama wa Mapengo alisema akivua miwani yake. "Huyu bwana hajawahi kunitupa. Kila mwaka hunipigia kuniuliza kama mwanangu ameonekana."

Mkurugenzi aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Fundi alitoka mbio hadi msalani. Aliponawa uso na kuinua kichwa, mama yule alikuwa kwenye sinki la pembeni, anamtazama kwa huruma.

"Unaumwa, mwenzangu?"

Fundi alikuwa ameiogopa sauti ya Mkurugenzi, na yule mtu wa suruali, na jela. Sasa alitambua kwamba hakuna alichokiogopa kama uso huu ulio mbele yake.

"Binti yako hakuruka ukuta," alisema. "Nililala naye chumba kimoja. Mimi ndiye niliyesaini kwamba nilimwona. Sikumwona. Walimfungia siku tatu akiita, akafia mle ndani. Nilisaini ili nitoke."

Bomba lilikuwa bado linamwaga maji. Mama hakulia wala hakumpiga. Alilifunga bomba, akaushika ukingo wa sinki kwa mikono miwili.

"Alikuwa anamwita nani?"

"Mama."

"Alikuwa anamwita nani?"

"Wewe. Alikuwa anakuita wewe."

Mama alitikisa kichwa taratibu, kama anayehesabu kitu. Baada ya muda akavaa miwani, akatangulia kutoka. Fundi alimfuata hajui anapelekwa wapi.

Kikao kilipoanza tena, taa nyekundu iliwaka mbele ya mama. "Nampisha fundi cherehani," alisema. "Asikatizwe."

Fundi alibonyeza kitufe. Akaeleza chumba cha nyuma, siku tatu, godoro, karatasi. Wakati wote huo alikuwa akitazama chupa yake ya maji, maana angemtazama Mkurugenzi angenyamaza.

"Mwenyekiti," Mkurugenzi alisema kwa ile sauti laini, "huyu alikuwa mraibu. Alikuwa anaona majinamizi mchana kweupe."

"Kila atakayekalia kiti kile alikuwa mraibu," mwenyekiti alijibu. "Ndiyo maana ya kiti chenyewe. Katibu, andika kila neno."

Mjumbe wa polisi alikuwa ameshainuka na simu sikioni. Akasimama mlangoni, akaomba asitoke mtu.

Siku hiyo hiyo nyumba ile ilipekuliwa. Vijana wanne walikutwa kwenye chumba cha nyuma, wawili wamefungwa minyororo, wote hai. Mmoja wa waliobeba godoro alibanwa maswali siku mbili, akasema, na akawaonyesha polisi mahali walipomfukia Mapengo, nyuma ya machimbo ya kokoto. Mkurugenzi alipelekwa mahakamani bila dhamana. Fundi naye alishtakiwa kwa maelezo ya uongo. Alikiri, akapewa kifungo cha nje, akawa shahidi. Dada yake alimsindikiza kila siku ya kesi, akiguna njia nzima, hakukosa hata moja.

Mazishi yalifanyika Jumamosi. Fundi hakualikwa. Alikwenda, akasimama mbali karibu na ukuta, akingoja mtu aje amwambie aondoke. Mama wa Mapengo aligeuka mara moja, wakatazamana kwa muda juu ya vichwa vya watu.

Hakumwita, wala hakumfukuza. Aligeukia kaburi, akachota udongo.