Kisogo cha Binti Yangu

...na pale nyuma ya sikio la kushoto nimeruka, naona kutoka hapa nilipokaa, kijisehemu kama ukucha wa kidole gumba, nywele zimebaki zimesimama, mimi kinyozi wa miaka yote hii nimemruka mwanangu mwenyewe siku ya mahafali, na wenzake mstari mzima vichwa safi, kanuni ya masista, msichana wa bweni hafugi nywele, na Sista Mkuu bado ameshika kipaza sauti, "...tunawashukuru wazazi kwa uvumilivu wenu...", tumepokea Sista, endelea, usimalize haraka, maana ukimaliza tutaitwa mmoja mmoja, kila mzazi amvishe mwanawe kofia na amwambie neno moja mbele za watu, na mimi neno sina, nimelitafuta tangu jana, sina... "Baba watoto, kaa vizuri," mke wangu ananong'ona, "shingo umeinyoosha kama unatafuta mwizi," nimekaa, mama, ni kola tu inanikaba, asubuhi alinitazama kichwani akacheka, kinyozi hajinyoi, akasema, na kweli sikupata nafasi, nilikuwa namnyoa binti kwa mara ya mwisho, masista walimruhusu alale nyumbani jana, amekaa kwenye kile kiti chenye mguu uliofungwa waya, nikamfunga kitambaa shingoni, akasema, Baba, nikitoka shule nafuga nywele mpaka mabegani, nikasema sawa, basi, sawa, nikawasha mashine nikaanzia kisogoni.

Maana nyumbani mimi na yeye hatuongei, yeye na mama yake wanaongea mpaka chakula kinaungua, nikiingia wanapunguza sauti, si kwa ubaya, ndivyo nilivyoumbwa, wateja wananiita Bubu na wanarudi vilevile, lakini kwenye kiti, ah, kwenye kiti mtoto yule alikuwa anafunguka, tangu siku ile ya kwanza kabla hajaletwa bweni, alipoziona nywele zake zinaanguka akalia, nikakigeuza kioo kikatazama ukuta, na tangu hapo kila akifunga shule na kila akikaribia kufungua, anakaa, nageuza kioo, nasimama nyuma yake, macho hayakutani, naye anaanza, hesabu zimenishinda Baba, rafiki yangu hanisemeshi, na mwaka mmoja akasema, mimi sirudi tena kule shuleni, sirudi, na mimi nilipunguza mwendo tu, mkasi taratibu, taratibu, kichwa kizima nikakifanya kwa mkasi ili kichukue muda, mpaka mwenyewe akapumua akasema, basi nitarudi... kila mtu hapa anamjua kwa uso, mimi nimemjua kwa kisogo, alivyokikaza akiwa na hofu, alivyokilegeza akishasema, "...na jambo la mwisho...", hilo ni la tatu la mwisho, Sista, hata padri pale pembeni anasinzia na upara wake unaong'aa, yule hata akija kwangu namrudisha... nywele zikifika mabegani atakwenda kwa msusi, atakaa kwake kutwa nzima, atamsimulia yeye, namwonea wivu msusi ambaye hata simjui, mtu mzima mimi, na mvi zangu.

Lakini ngoja... likizo iliyopita, jioni ile ya mvua, nilikuwa nimeshamnyoa, hata wiki haijaisha, akaja akakaa, nipunguze Baba, nikamwambia nipunguze nini, hapa hakuna hata kivuli cha nywele, akasema basi nifute vumbi, hakuinuka, nikachukua brashi nikampitishia shingoni, nikageuza kioo kwa mazoea tu, naye akaanza kunieleza kwamba anaogopa kumaliza, anaogopa huko mbele hakujui, akaongea mpaka mvua ikakatika, na mimi nikadhani mtoto anakwepa matope, kumbe... hakuwa na nywele, kichwa kitupu kabisa, na alikuja, aliacha jiko la mama yake lenye moto akaja kukaa kwenye kiti kibovu, mkasi ulikuwa kwenye droo, mashine haina chaji, alinifuata mimi, moyo wangu wewe, alinifuata mimi... "Unalia?" mke wangu ananiuliza, ni kola, nakwambia ni kola... na pale mbele mkono wa binti unapanda nyuma ya sikio, vidole vimekipata kile nilichokiruka, vinakipapasa, hageuki, mkono unakaa palepale, usikifiche, binti yangu, kiache kiwe cha kwanza kurefuka, fuga, zifike mabegani, zifike mgongoni, Sista anafungua ukurasa mwingine, kofia zimepangwa mezani hakuna iliyoguswa, na mimi neno ninalo sasa, fupi, hata Bubu anaweza kulisema, kiti kipo, mwanangu, kiti kipo, na kioo nitakigeuza.