Sanduku la Mwisho, Barabara ya Oxarango

Maili ishirini na sita kwa trekta isiyo na kioo, kwenye baridi ya kupasua midomo, na ile nyonga ya chuma waliyomwekea hospitali ikimuuma kila trekta ikiruka. Verla Oxarango, miaka sabini na mbili, aliingia ukumbi wa kaunti na theluji yake mabegani. Kwapani alikuwa na sanduku la barua la bati, lile la kusimikwa kando ya barabara kwa mguu wa mbao; mguu huo ulikuwa umekatwa.

Madiwani watatu walikuwa wameshafika ajenda ya nne: kuifuta Barabara ya Oxarango, kaunti isiihudumie tena.

"Mama Verla!" Mwenyekiti Dwayne Sprague akatabasamu. "Umefikaje na theluji hii?"

"Kwa hiyohiyo barabara mnayoifuta."

Watu wa nyuma wakacheka. Dwayne hakucheka. Ukutani nyuma yake kulikuwa na ramani mpya ya kaunti, na bonde lote la Verla lilikuwa jeupe peee, katikati jina la kampuni iliyonunua ranchi kumi na moja. Ya kumi na mbili ni ya Verla, hajauza.

"Sensa inasema bonde lile lina wakazi sifuri, mama."

"Walipita nikiwa hospitali. Haya, nihesabu sasa. Huyu hapa. Mmoja!"

"Hatuhesabu watu mkutanini."

"Dwayne, wewe na baba yako mlikwama na theluji kwangu siku nne. Sufuria ya kondoo na maharage uliihesabu vizuri sana, ulirudi mara tatu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Masikio ya Dwayne yakawa mekundu.

Mwanasheria wa kampuni, kijana wa buti mpya, akamwinamia Verla kwa upole. "Bibi, tutakupa nyumba mjini. Ina hita. Zahanati iko ng'ambo tu ya barabara."

"Na kondoo mia na arobaini nitawaweka sebuleni? Greda lisipopita kuondoa theluji, lori la nyasi haliji. Nimebakiwa na nyasi za siku tisa. Tisa!"

"Utaratibu ni wa tangu enzi za babu zetu," Dwayne alisema. "Greda linasukuma theluji mpaka sanduku la barua la mwisho. La mwisho ni la kampuni, pale getini. Si ndiyo, Lonnie?"

Lonnie, dereva wa greda, alikuwa amesimama mlangoni. Miaka yote anakunywa kahawa jikoni kwa Verla. Aliangalia kofia yake. "Sijaona jingine, bosi."

Verla akalibwaga sanduku mezani, juu ya makaratasi yao. Paaa! "Nimelikuta mtaroni leo asubuhi. Angalia huo mguu. Upepo gani unakata kwa msumeno?"

Hakuna aliyeuliza msumeno ni wa nani.

"Sanduku linatakiwa liwe limesimama barabarani, mama," Dwayne alisema. "Hapa ni mezani."

Mikono mitatu ikapanda: barabara imefutwa.

Alhamisi greda lilipofika getini kwa kampuni, lilimkuta Verla katikati ya barabara, sanduku begani, kibendera chake chekundu cha kumwita mtu wa posta kimeinuliwa. Alikuwa ametembea maili tatu kutoka kwake. Trekta imeishiwa dizeli, na lori la dizeli nalo linasubiri greda.

Lonnie akashusha kioo. "Shangazi, toka. Nitafukuzwa kazi."

"Sanduku la mwisho ni hili. Limesimama au halijasimama?"

"Shangazi, tafadhali..."

"Utaratibu ni wa babu zenu, Lonnie. Fuata sanduku."

Akampa mgongo. Akaanza kupanda kuelekea nyumbani, theluji mapajani, nyonga inamchoma, kibendera kinacheza juu ya kichwa chake. Hatua kumi. Ishirini. Akasikia redio ya greda ikiropoka sauti ya Dwayne. Injini ilikuwa inanguruma palepale, haiji, haigeuzi.

Hakuangalia nyuma. Akalihamishia sanduku bega la pili.