Kijumba Kilichosogea

Jumanne asubuhi muuguzi alitoka na birika kwenda kuchota maji bombani, akahesabu hatua kumi na nne. Jana yake, walipofika, zilikuwa kumi. Hakuwa mtu wa kuhesabu hatua kwa mchezo. Mgongo wake ulikuwa umegoma baada ya miaka thelathini ya kugeuza wagonjwa vitandani, na daktari alimwambia akapumzike wiki nzima mahali ambapo hakuna mtu wa kumwita. Ndiyo maana yeye na mumewe, fundi saa, walikodi kijumba cha wageni kwenye shamba dogo lenye ng'ombe watano, banda la kuku na bustani ya kabichi.

"Bomba limehamishwa?" alimuuliza mumewe.

Fundi saa alitoka na utepe wa kupimia, akainama, akapima mara mbili.

"Bomba liko palepale," alisema. "Nyumba ndiyo imesogea. Inaelekea kule." Akaonyesha kwa kidevu stoo ya pumba, nyuma ya banda la kuku. Kisha akarudi ndani, maana chai ilikuwa inapoa.

Alasiri mwenye shamba alikuja na maksai wawili, mnyororo na magogo ya kuviringisha. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na ushei, mpole, mwenye kuomba radhi hata kabla hajakosa.

"Samahanini wazee wangu, teremsheni vikombe kwenye rafu. Nairudisha nyumba."

"Kwani husogea kila siku?" aliuliza muuguzi.

"Kila siku, mama. Lakini haina ubishi. Ukishaifunga mnyororo inakuja kama mbuzi."

Walikaa ndani, fundi saa akiwa ameshikilia kioo cha ukutani kwa mikono miwili, mpaka kijumba kikakaa tena juu ya msingi wake. Mwenye shamba akawashukuru na kuwapa mayai sita.

Jumatano kijumba kilisogea zaidi, na dirisha la chumbani likawa karibu na stoo kiasi kwamba muuguzi alisikia mtu akikohoa. Alisikiliza kama fundi gari anavyosikiliza injini. Hakikuwa kikohozi cha mafua. Kilitoka chini kabisa, kikikwaruza njia nzima. Akavaa kandambili, akaenda kubisha hodi.

Ndani, kati ya magunia ya pumba, palikuwa na kitanda cha futi mbili na nusu, na juu yake ameketi bibi mmoja akichambua maharage. Vumbi la pumba lilikuwa limemkalia kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mgeni wa nyumbani kwangu?"

Bibi akamsogezea gunia akae. Akamweleza, bila uchungu wowote, kwamba kijumba kile alikijenga yeye na marehemu mumewe, udongo wakiukanda kwa miguu yao wenyewe, na kwamba mwenye shamba alizaliwa mle ndani, pale lilipo kabati la wageni sasa. Wageni walipoanza kuja, mwanawe alimwomba apishe kwa muda, msimu mmoja tu.

"Msimu huo ulianza lini, mama?"

"Mwaka wa sita huu. Si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone? Basi nangoja kupona." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikachukua muda mrefu.

"Na nyumba, mama, je?"

"Nyumba inanitafuta. Nimeikataza, haisikii. Imerithi kichwa cha mume wangu."

Muuguzi aliweka sikio mgongoni mwa bibi. Alichosikia hakukipenda. Alimfuata mwenye shamba zizini, akamkuta anakamua.

"Mwanangu, kifua cha mama yako kinaziba. Lile vumbi litammaliza."

"Najua, mama." Hakuacha kukamua. "Nimemnunulia dawa ya maji."

"Dawa si kitu kama analala kwenye pumba. Sisi tutahamia stoo, yeye arudi ndani. Siku zilizobaki tu."

Mwenye shamba alimtazama kwa masikitiko ya kweli. "Mgeni alale stoo? Nitaonekana mtu wa namna gani?"

Muuguzi akarudi kwa bibi kumshawishi. Bibi alimshika mkono. "Usinigombanishe na mwanangu. Ninaye huyu mmoja. Wewe utaondoka Jumamosi, mimi nitabaki naye."

Jioni hiyo, maksai wakiwa wanavuta, muuguzi alihisi sakafu ikisita chini ya nyayo zake.

"Tufanye kitu," alimwambia mumewe.

"Tufanye nini? Mtoto wake, mama yake, nyumba yao." Fundi saa alikuwa ameshikilia kioo. "Ya watu tuwaachie wenyewe." Lakini hakulala vizuri, na asubuhi alifunga saa yake ya mkono kinyume.

Alhamisi ng'ombe mmoja alishikwa na uchungu na ndama akakaa vibaya. Mwenye shamba alishinda zizini kutwa, mikono imeingia hadi viwikoni, na muuguzi akaenda kumsaidia, ingawa mgongo ulimwuma. Ndama alitoka mzima. Siku hiyo hakuna aliyekumbuka kukirudisha kijumba, na Ijumaa hali kadhalika, kwa kuwa maksai walikuwa wamekwenda kulima kwa jirani.

Jumamosi asubuhi fundi saa alifungua mlango wa mbele akajikuta anamtazama bibi. Kijumba kilikuwa kimefika. Kilikuwa kimegeuka kidogo, kikasimama mlango kwa mlango na stoo, pasipo hata nafasi ya kupitisha kiganja.

"Hodi," alisema fundi saa.

"Karibu. Mmeamkaje?"

Hapakuwa na njia nyingine ya kutokea. Walipitisha masanduku yao kando ya kitanda cha bibi hadi mlango wa nyuma wa stoo, wakiomba samahani. Muuguzi akabaki nyuma. Aliona kizingiti kimoja na kingine vimegusana kama midomo.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "hatua moja tu. Ingia."

Bibi aliinuka. Alivuka. Muuguzi aliziba mdomo kwa kiganja. Ndani, bibi aliweka mkono ukutani, kama mtu anayempima mtoto homa, akautuliza hapo. Kisha akatandua shuka za kitandani, akazikung'uta, akatandika nyingine safi, akazinyoosha pembe zote nne. Akafuta meza. Akarudi stoo, akaketi, akavuta sinia la maharage.

"Wageni wa leo wanakuja na watoto," alisema.

Muuguzi aliandika barua ya kwenda zahanati, akamkabidhi mwenye shamba, naye akaipokea kwa mikono miwili, akaikunja, akaitia mfukoni. Alikuwa anashughulika na ngazi. Aliiegemeza dirishani kwa upande wa pili, akaipanda mwenyewe kuijaribu, akaridhika.

Gari la wageni wapya liliingia. Baba wa familia alishuka, akauliza mlango uko wapi.

"Dirishani, mzee, ni salama kabisa," alisema mwenye shamba. Watoto wakashangilia.

Maksai hawakuhitajika tena. Kijumba hakikusogea siku hiyo wala zilizofuata, na kikohozi, wageni walisema, kilisikika vizuri sana, kama kiko chumba kimoja nao.