Sikio Lililopona

Kila siku saa nane mchana dobi aliacha pasi zake, akavuka barabara, akaenda kukaa saa nzima kwenye kiti cha tatu cha kliniki ya moyo. Mdogo wake, muuguzi wa pale, alimbana sikio kwa kibanio chenye waya, akawasha kiboksi cha umeme na kumuuliza kama anasikia mchonyoto. Alisikia.

Moyo wa dobi haukuwa na mpango. Ulikimbia, ukasita, ukaruka pigo, mpaka akalazimika kukaa juu ya mashuka ya wateja. Kliniki ilikuwa ikijaribu tiba. Nusu ya wagonjwa walibanwa kwenye gegedu lililo mbele ya tundu la sikio, ambako hupita mshipa wa fahamu unaoweza kuutuliza moyo. Wengine walibanwa kwenye ndewe, nyama laini ya chini ya sikio, ambako umeme hausaidii kitu, ili daktari apate kulinganisha. Bahasha zilizofungwa ndizo zilizoamua nani abanwe wapi, na aliyezifungua ni muuguzi peke yake. Dobi hakuuliza. Alimlea mdogo wake tangu mama yao alipofariki, akamsomesha kwa pasi zilezile. Alimpa sikio kama mtu anavyompa mwenzake mwavuli amshikie.

Mwezi wa tatu wa tiba, ndewe yake, pale alipobanwa kila siku, ilianza kupiga. Ilipiga sawasawa, mapigo sitini na manane kwa dakika. Wateja waliofuata mashati yao waliisikia, wakapunguza sauti. Mtoto mchanga wa jirani akawa halali mpaka alazwe bega la upande ule. Moyo wenyewe uliendelea na vurugu zake, na wiki hiyo dobi alianguka mara mbili.

Daktari aliisikiliza ndewe kwa muda mrefu, akasema hiyo ni nzima kabisa. Akasikiliza kifua, akakunja uso, akafungua faili ambalo hakupaswa kulifungua kabla jaribio halijaisha. Bahasha ya dobi ilikuwa ya gegedu.

Muuguzi hakukana. Bahasha ya ndewe ilikuwa ya mama wa kiti cha nne, mzazi wa mchumba wake, naye muuguzi alizibadilisha. Mama yule zamani hakumtaka. Siku hizi anapanda ngazi bila kupumzika, na anamwita mwanangu.

"Ungeniambia," dobi alisema.

"Ungekubali, dada. Ndiyo maana sikukwambia." Muuguzi alikuwa akizungusha waya kidoleni. "Nimechoka kukushukuru."

Daktari alieleza, kwa upole, kwamba kuhamisha kibanio sasa kungevuruga matokeo ya watu wote. Zilibaki wiki kumi tu. Aliandika kwamba sikio limepona, akafunga faili.

Kesho yake saa nane dobi alikuja. Mama wa kiti cha nne alimsalimu, akaomba kusikiliza, akainama karibu na shingo yake.

"Mashallah, mkwe," alisema. "Wako umetulia kuliko wangu."

Dobi alimshukuru. Muuguzi alikuja na kibanio, bila kumtazama machoni, naye dobi akasogeza kitambaa na kuinamisha kichwa. Vidole vya mdogo wake vilipoigusa, ndewe haikuruka hata pigo moja. Kifuani, ule mwingine ulisita, ukakaa kimya muda mrefu kidogo, kisha ukaendelea.